Kanga wa Mgeni

Mwaka jana, kwenye mnada wa mavuno, mkungu wa ndizi wa Lugano ulizunguka kanisa zima mara tatu ukarudi ulikotoka. Anyitike, mzee wa kanisa ambaye hakuna mnada alioacha kushika kipaza sauti, aliusifia mpaka koo likamkauka. Aliusifia unene, akausifia urefu, akaapa kwamba ndizi za namna ile hazijawahi kuonekana tangu kanisa lijengwe. Watu wakawa wanatazama dari. Ndizi pale Uyole si habari. Malori huzishusha kutoka Tukuyu kila asubuhi, na hata mbuzi wa pale wamezichoka. Mwishowe Yunisi, mke wa Lugano, akanyoosha mkono kutoka kwenye kwaya, akaununua mkungu wa mume wake mwenyewe, nao ukafungwa tena kwenye pikipiki ileile iliyouleta. Waumini walipiga makofi ya kumtia moyo, na makofi hayo Lugano aliyasikia masikioni mwaka mzima.

Wanaume wengine wakiaibika huhama kanisa. Lugano alinunua bunduki ya upepo.

Na hakuinunua kimyakimya, kwa sababu kimya hakikuwa fungu lake. Kabla hata hajaigusa, alisimama wakati wa matangazo akasema kwamba safari hii haleti ndizi. Analeta kanga, yule ndege wa porini mwenye madoadoa, na atakuwa amempiga mwenyewe kwa mkono wake. Kanisa likaguna kwa heshima. Yunisi aliinamisha kichwa kwenye kitabu cha nyimbo, kwa sababu alikuwa ameishi na mkono huo miaka ishirini na mbili na alijua kwamba haujawahi kumpata hata panya wa dukani kwa fagio.

Bunduki ilitoka Iringa, kwa fundi redio mmoja anayeitwa Sedekia, aliyedai kwamba ilishatia adabu nyani wote wa mashamba ya nyanya ya Ruaha Mbuyuni. Kuhamisha karatasi za umiliki polisi kukachukua miezi miwili. Kibali cha maliasili kikachukua mwezi mwingine, nacho kilisema kanga wawili, si watatu. Lugano akakitia kwenye fremu ya kioo, akakitundika katika duka lake la pembejeo, juu ya dawa za viwavi, ili kila aliyekuja kununua mbegu aulize.

Kumbe bunduki ya upepo, kama jina lenyewe linavyosema, hula upepo, na upepo wenyewe hutiwa kwa pampu ya mkono. Kila jioni Lugano alisimama uani akipampu, mara hamsini, mara mia, mara mia na hamsini, shati limemganda mgongoni. Jirani akapenyeza kichwa kwenye uzio, akauliza kwa upole kama ni baiskeli, na kama ni baiskeli, mbona tairi halijai. Risasi zake zilikuwa vipande vya madini vidogo kama punje za mtama. Ya kwanza ililenga kopo la maziwa ikapiga ukuta. Ya pili ikapiga mlango wa choo. Ya tatu ikatoboa tangi la maji la yule jirani wa baiskeli, naye hakuuliza tena.

Mwalimu wake alikuwa Mzungu mmoja wa kwenye simu, mwenye ndevu, anayewinda katika msitu uliojaa theluji. Lugano hakuwa na theluji, lakini yaliyobaki aliyashika neno kwa neno. Alijifunza kurusha majani hewani ili ajue upepo unakokwenda. Alijifunza kulala kifudifudi hadi mbavu zife ganzi. Zaidi ya yote alishika ule usemi ambao mwalimu aliurudia kila somo, kwamba anayeanza asihangaike na mnyama mwenye wasiwasi. Amtafute yule asiyemwogopa, maana huyo ndiye wake. Aliuandika kwenye karatasi akaubandika karibu na kibali.

Mwalimu pia alivaa koti la madoamadoa. Lugano akalipata la mfano wake mitumbani, lenye mifuko kumi na minne, akalivaa siku moja tu. Mgambo alimsimamisha sokoni, akamweleza mbele za watu kwamba madoa yale ni ya jeshi, na raia akikutwa nayo atakwenda kueleza mahali ambapo maelezo hayasikilizwi. Yunisi akalichemsha kwa rangi nyeusi. Likatoka na rangi ya maharage yaliyoungua, lakini mifuko yote kumi na minne ilisalimika.

Sasa palibaki kanga. Uyole hakuna kanga, kuna malori. Hapo ndipo Lugano alipomkumbuka Malimi, mteja wake wa miaka mingi, Msukuma anayelima mpunga na kufuga ng'ombe huko bondeni Usangu, upande wa Ubaruku. Wazazi wake walihamia kutoka kaskazini wakiswaga mifugo yao, naye alizaliwa njiani. Malimi alipoelezwa habari ya mnada alicheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa mbolea. Alisema kwamba ndizi ndizo zilizowalegeza Wanyakyusa mikono, ila Lugano aje tu. Mavuno yakiisha, kanga wa porini hushuka mashambani kuokota mpunga uliomwagika, nao ni wengi kuliko watu wa kuwala.

Lugano alifika kwa Malimi siku ya Ijumaa, Jumapili ya mavuno ikiwa imebaki siku mbili. Bunduki ilikuwa imeviringishwa kwenye blanketi nyuma ya pikipiki, naye amevaa koti, ingawa joto la Usangu lilikuwa likichoma hata mijusi. Nyamizi, mke wa Malimi, alimpokea kwa magoti na maji ya kunawa, akamchinjia jogoo, akamwandalia wali wa mpunga mpya. Kisha akamwambia kwamba katika nyumba yake mgeni hajawahi kutoka mikono mitupu, na yeye hatakuwa wa kwanza. Lugano alishukuru, akili yake ikiwa kwa Anyitike na kipaza sauti.

Asubuhi, jua likiwa linachomoza, Malimi alimsindikiza hadi nyuma ya zizi na kumwonyesha njia. Alikuwa anapeleka ng'ombe majini, atamfuata baadaye. Maelekezo yake yalikuwa mafupi.

"Vuka huu mfereji wa maji, nenda na ule mstari wa miti. Ng'ambo kule ni porini, piga utakachoona. Upande wetu huku usipige kitu, huku kuna vya watu."

Mtoto wa miaka sita asingepotea. Lakini mtoto wa miaka sita hana mwalimu wa kwenye simu. Lugano alivuka mfereji vizuri, akarusha majani hewani, akaona upepo unamtoka mgongoni. Mwalimu alikataza kabisa jambo hilo, kwa sababu mnyama angenusa harufu ya mtu. Basi akaiacha miti, akazunguka. Alizunguka akiinama, akatambaa kwenye mabua ya mpunga, akakuta mfereji mwingine, akauvuka nao maji yakiingia kwenye viatu, akajisifu moyoni kwamba sasa yuko ng'ambo ya ng'ambo. Asichojua ni kwamba mifereji ya Usangu haikuchimbwa kwa rula. Ule ulikuwa mfereji uleule, umejipinda kama kiwiko, na kwa kuuvuka mara ya pili alikuwa amerudi upande wa Malimi.

Akalala kifudifudi nyuma ya tuta. Hazikupita dakika kumi, kundi la kanga likatokea kwenye mabua, wakidonoa na kugombana. Moyo wake ukapiga kwa nguvu hadi akahisi unapiga kwenye tuta. Walikuwa kumi au kumi na wawili, wanene, wenye madoa meupe kama waliomwagiwa unga. Mmoja akainua shingo, akamwona. Lugano akaacha kupumua. Kanga hakukimbia. Alimtazama kwa jicho moja, akamtazama kwa jicho la pili, halafu akaanza kumjia.

Lugano alitamani Yunisi awepo aone. Koti lilikuwa limefanya kazi; hakuwa tena muuza mbolea, alikuwa sehemu ya nchi. Akafyatua. Risasi ilichimba udongo kando ya ndege, na ndege akaenda pale ilipoangukia, akadonoa, akainua kichwa kana kwamba anauliza nyingine iko wapi. Akafyatua ya pili, ikaenda inakojua. Kwa ya tatu kanga alikuwa amesogea hatua nane kutoka kwake, akilia kwa sauti ya kudai. Lugano akakumbuka mwalimu: yule asiyekuogopa ndiye wako. Akalenga kichwa, na safari hii hakukosa.

Aliruka, akamwinua juu kwa miguu yote miwili, akacheka peke yake shambani. Na alipokuwa bado anacheka akaona, kwenye mguu wa kulia wa ndege, kitambaa chekundu kilichofungwa fundo safi.

Wale wengine hawakuwa wameenda mbali. Walikuwa wamemzunguka, wakingoja nafaka. Aliinua macho, na juu ya mabua, si mbali kuliko kutoka kanisani hadi dukani kwake, akaona moshi wa jiko la Nyamizi.

Hapa mtu mwema angetembea moja kwa moja hadi jikoni akasema amekosa. Lugano si mtu mbaya, nasema hivyo nikimjua. Lakini alipokuwa akiwaza kutembea hadi jikoni, aliuona ule mkungu ukirudi kwa mara ya tatu, mikononi mwa Anyitike, na watu wakitazama dari. Aliwaza kurudi Uyole na pampu tu. Aliona uchungu, tena uchungu wa kweli, kama mtoto asiyechaguliwa kwenye timu. Akafungua lile fundo, na lilikuwa gumu, akakitia kitambaa kwenye mmoja wa mifuko kumi na minne. Kisha akazunguka mbali sana, akavuka mfereji mara mbili nyingine, na kuja kutokea upande wa porini kama mtu aliyetoka porini.

Malimi alikuwa amesharudi, akamshangilia, akamshika bega, akamwita mwindaji. Nyamizi alitoka jikoni akifuta mikono. Alimpokea ndege kwa heshima, akamgeuza, akamshika mguu wa kulia. Lugano alikuwa akimtazama kidole gumba. Kilipapasa mguu mpaka kikafika mahali ambapo magamba yalikuwa yamelainishwa na fundo, kikasimama hapo.

"Amenona," alisema Nyamizi. "Wa porini wa mwaka huu wanakula vizuri."

Halafu akamrudishia. Wakala ugali kwa maziwa ya mgando, wakaongea habari za mbegu na bei za mpunga, na Lugano akaongea kuliko wote. Alieleza upepo, akaeleza alivyotambaa, akaeleza jinsi ndege mwenyewe alivyokuwa mjanja, akihisi hatari na kujificha, mpaka yeye akamzidi akili. Wenyeji wake walisikiliza wakitikisa vichwa. Malimi hakumkatiza hata mara moja, na hilo lilimtia Lugano wasiwasi, kwa sababu Malimi alikuwa na mazoea ya kumkatiza.

Wakati wa kuaga, Malimi alimshika mkono akauacha ndani ya wake.

"Ndugu yangu, umetukuta na aibu. Mama huyu alikuwa amekutengea ndege wako tangu uliposema unakuja, kanga wa mbegu, ukafuge kwako. Alimfunga na kitambaa, watoto wasije wakamkamata kwa ajili ya mboga. Tumemtafuta tangu asubuhi hatumwoni. Labda kicheche."

"Labda," alisema Lugano.

"Basi Jumapili tutakuja na Nyamizi. Hatuwezi kukuacha uende hivi hivi."

Kutoka Ubaruku hadi barabara kuu, na kutoka barabara kuu hadi Uyole, Lugano hakumbuki hata kona moja. Kanga wake. Alikuwa amelala kifudifudi, mbavu zimekufa ganzi, akaiba kitu alichokuwa anapewa. Hata mwizi wa kawaida huiba cha mwenzake. Nyumbani Yunisi alimtia ndege kwenye friji na manyoya yake, kwa kuwa Anyitike alikuwa ameagiza aje na manyoya ili watu wamwamini, akamwuliza mumewe mbona hafurahi. Akajibu kwamba amechoka.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Kulikuwa na magunia ya mahindi, viazi vya Umalila, kuku waliofungwa miguu, na mikungu ya ndizi isiyo idadi. Anyitike alikuwa amemtaka Lugano avae lile koti, naye alilivaa. Alipanda mbele akiwa na kanga mkononi, watu wakasimama juu ya mabenchi ili waone. Kwenye benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, walikaa Malimi na mkewe Nyamizi, mke akiwa na kikapu kilichofunikwa kwenye miguu.

Anyitike hakuwahi kuwa na siku nzuri kama ile. Alisema kwamba mbele yao amesimama mtu aliyelala nyikani siku tatu. Alisema ndege huyu alirukaruka juu ya miti akapigwa angani. Mwalimu mkuu wa sekondari akataja bei, mwenye malori akapandisha, mwalimu mkuu akapandisha tena, na vijana wa kwaya wakachanga kati yao nao wakaingia. Watu walikuwa wakipiga kelele. Ndicho alichokuwa amekitamani mwaka mzima, kitu chake kigombewe, na sasa kilikuwa kinagombewa, naye alikuwa akitokwa jasho ndani ya koti akiomba wanyamaze.

Ndipo mkono ukainuka nyuma. Malimi alitaja bei iliyomfanya mwenye malori ashushe pumzi na kukaa. Anyitike akahesabu mpaka tatu, akagonga meza.

Pale kwetu ni kawaida. Anayenunua mnadani anaweza kumzawadia amtakaye. Wengi humpa mchungaji, ndiyo maana wachungaji wetu wana afya. Malimi alitembea hadi mbele bila haraka, akalipa, akampokea kanga. Mchungaji akajisogeza kidogo. Malimi akampita, akasimama mbele ya Lugano, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nyumbani kwangu ulitoka mikono mitupu," alisema, na kipaza sauti kilikuwa karibu. "Chukua, huyu ni wako."

Hakukuwa na dhihaka usoni mwake. Ingekuwepo, Lugano angejua la kufanya. Angecheka naye, angemtania kama siku zote, yangekwisha. Lakini Malimi alikuwa anampa, kwa mikono miwili, kama mgeni anavyopewa. Lugano akampokea ndege. Akamweka juu ya meza ya mnada, kati ya viazi na mkungu mmoja wa ndizi, akaanza kupekua mifuko.

Alipekua wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kanisa likanyamaza taratibu, benchi baada ya benchi. Alitoa risasi, akatoa majani makavu, akatoa karatasi nyingine aliyonakili usemi uleule wa mwalimu. Katika mfuko wa kumi na moja akakipata kitambaa chekundu. Ilimbidi arudie mara mbili kabla fundo halijakaa kwenye mguu wa kulia, mahali pake.

Anyitike, ambaye Mungu hakumjalia kunyamaza, akauliza kwenye kipaza sauti kitambaa ni cha nini.

"Ni alama," alisema Lugano. "Hakuwa wa porini. Ni wa kwa mama yule pale nyuma, wa kufugwa. Alikuja kwangu akidhani namletea mtama, nikampiga kwa hatua nane. Na nilikosa mara mbili kwanza."

Kisha sauti ya Nyamizi ikatoka mlangoni, wala hakuipandisha.

"Alikuwa wa kwako. Ndiyo maana nilimfunga."

Aliyeanza kucheka ni Malimi mwenyewe, akaketi juu ya gunia la mahindi, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia, hata mchungaji. Lugano alisimama katikati ya kicheko kile amekunja uso kama anayelia, na pengine alikuwa analia. Ila alijua kwamba hiki hakikuwa kama yale makofi ya mwaka jana. Mwenye malori alikuja kumshika mkono, akamwambia kwamba kumkosa mara mbili ndege anayekujia mwenyewe si jambo dogo, kunahitaji kipaji.

Nyamizi naye akaja mbele na kikapu chake. Ndani mlikuwa na kanga mwingine, mzima, kitambaa chekundu mguuni. Akatazama mume, akatazama mke, akamkabidhi Yunisi.

Wakarudi nyumbani na pikipiki, Yunisi nyuma akiwa amekumbatia kikapu, kanga aliyekufa akining'inia kwenye usukani. Kwenye geti yule jirani wa tangi alikuwa amesimama akiwangoja asikie habari.

"Mwaka kesho tupeleke ndizi," alisema Yunisi akishuka. "Nitazinunua mwenyewe."